Kupanga Safari kwa Saa: Siku Nne za Pikipiki katika Nyanda za Juu za Uskoti

Safari fupi ya pikipiki katika Nyanda za Juu za Uskoti, yaani eneo la milima, mabonde na ghuba nyembamba linaloanzia kaskazini ya Glasgow na kuenea hadi ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Britania, hupaswa kupangwa kwa saa kabla ya kupangwa kwa kilomita. Kwenye ramani nchi huonekana ndogo, na ni kweli kwamba kutoka Glasgow hadi Fort William hakuzidi sana kilomita 170. Lakini barabara inayounganisha miji hiyo hubana ukingo wa ziwa, hupanda kwenye uwanda wa mboji na mawe, kisha hushuka katika bonde jembamba, na kote huko mwendeshaji hutumia njia moja na mabasi ya watalii na malori ya magogo. Karibu saa tatu hupotea hapo, bila kuhesabu mapumziko, na kilomita zinazofuata huko magharibi huwa za polepole zaidi. Mpangaji asiyelizingatia hilo hufika kila jioni akiwa amechelewa, amelowa na amechoka, na uchovu ndio unaomfanya mwendeshaji aingie kwenye kona kwa mwendo ambao asubuhi asingeuthubutu.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kwanza ni kuhusu kitakachoachwa. Tangu mwaka 2015 kumekuwa na mzunguko wa kitalii wenye urefu wa takriban kilomita 830, unaoanzia na kuishia Inverness na kufuata pwani yote ya kaskazini, maarufu kwa jina la North Coast 500, na wageni wengi wenye siku tatu au nne hujaribu kuumaliza. Jambo hilo halifai. Sehemu kubwa ya upande wake wa magharibi ni barabara nyembamba ambamo wastani wa kilomita 50 kwa saa ni mwendo mzuri, na anayeukimbilia kwa siku chache huishia kuyatazama magari yaliyo mbele yake kuliko milima iliyo pembeni. Sura hii inapendekeza mzunguko mfupi zaidi, unaotoka Glasgow kwenda Fort William, kuvuka kisiwa cha Skye, kurudi bara kwenye bonde la Glen Shiel, kufika Inverness na hatimaye kurejea kusini kwa kupitia milima ya Cairngorm.

Tabia ya barabara za huko hueleweka vyema zaidi kwa anayejua nani alizijenga na kwa nini. Mwaka 1724 serikali ya London, iliyoogopa maasi ya koo za milimani, ilimtuma Jenerali George Wade kuikagua nchi hiyo, na katika miaka iliyofuata askari wake walijenga takriban kilomita 400 za barabara na madaraja yapatayo arobaini, ambayo daraja la Aberfeldy la mwaka 1733 ndilo zuri kuliko yote na bado linapitisha magari. Barabara za Wade, pamoja na nyingine nyingi zilizojengwa baadaye chini ya Meja William Caulfeild, zilikusudiwa kuwapitisha askari kutoka ngome moja hadi nyingine, hivyo hazikusita kupanda mlima moja kwa moja pale ambapo mfanyabiashara mwenye mkokoteni angezunguka. Kuanzia mwaka 1803 mhandisi Thomas Telford alisimamia awamu nyingine, safari hii kwa ajili ya uchumi wa raia, na miteremko ikapunguzwa makali. Pikipiki ya leo hupita juu ya tabaka hizo zote mbili, na ndiyo maana baada ya kilomita nyingi za kona pana na za kutabirika huweza kutokea ghafla mpando mkali usioeleweka: hapo ndipo barabara ya leo imerithi njia ya askari wa karne ya 18.

Majira ya safari huamuliwa na mambo matatu, nayo ni mwanga, mvua na usubi. Kuhusu mwanga, katikati ya Juni jua la Inverness huchomoza kabla ya saa kumi na nusu alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku, ilhali katika Desemba huchomoza saa tatu kasoro asubuhi na kutoweka mnamo saa tisa na nusu alasiri, huku barabara za milimani zikiwa na barafu au zimefungwa kwa theluji. Kuhusu usubi, hao ni wadudu wadogo mno wanaouma, wanaozaliana katika udongo wenye unyevu na kutoka kwa makundi hasa kati ya Juni na mwanzoni mwa Septemba, asubuhi na jioni, hewa inapotulia. Upepo unaozidi kilomita 11 kwa saa huwazuia kuruka, kwa hiyo mwendeshaji hasumbuki akiwa mwendoni. Taabu huanza anaposimama kando ya ziwa lililotulia, akavua kofia na glavu ili atazame ramani. Mei na nusu ya kwanza ya Juni ndicho kipindi kinachostahili kuchaguliwa na yeyote aliye na uhuru wa kuchagua, kwa kuwa mwanga ni mwingi, usubi bado haujashamiri, na kwa kawaida miezi hiyo huwa na mvua chache kuliko ya vuli.

Mvua inahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoupa mpango wote umbo lake. Pepo za Uskoti huvuma zaidi kutoka magharibi, zikibeba unyevu wa bahari ya Atlantiki, na zinapokutana na milima hulazimika kupanda, hupoa na kuumwaga mzigo wao. Milima iliyo karibu na Glen Shiel hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, lakini Inverness, iliyo upande wa mashariki kwa umbali usiofika saa mbili na nusu za barabara, hupata chini ya milimita 800. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba hali mbaya ya hewa upande mmoja si sababu ya kuiahirisha safari, ilimradi njia imepangwa ili kila asubuhi kuwe na uchaguzi kati ya kubaki magharibi na kuvuka mashariki. Vitanda vilivyolipiwa katika vijiji vinne tofauti bila ruhusa ya kubadilisha tarehe huua uchaguzi huo. Ni bora kuhifadhi vyumba vinavyoweza kughairiwa, ingawa bei yake hupanda kidogo, na kufanya hivyo mapema kwa sababu katika kiangazi vyumba vya Skye hujaa kabisa.

Masuala ya hati yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Mgeni anayezuru Uingereza huruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nchi yake kwa muda usiozidi miezi 12, ikiwa leseni hiyo inamruhusu kuendesha pikipiki ya aina hiyo, lakini kampuni za kukodisha huwa na masharti yao ya umri, uzoefu na dhamana ambayo hutofautiana na yafaa yaulizwe kwa maandishi kabla ya kununua tiketi ya ndege. Magari huenda upande wa kushoto, jambo ambalo ni nafuu kwa anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda na ni mtihani halisi kwa anayetoka Burundi, Rwanda, Kongo au Omani, hasa anapotoka kwenye kituo cha mafuta katika barabara tupu isiyo na gari la kumkumbusha. Kofia ngumu ni lazima kisheria, na tangu Desemba 2014 kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, chini ya kile cha miligramu 80 kinachotumika Uingereza yenyewe, kwa hiyo anayetembelea viwanda vya wiski afanye hivyo baada ya kuiegesha pikipiki kwa siku hiyo.

Siku ya kwanza hufuata barabara ya A82, ambayo hupita ukingo wa magharibi wa ziwa la Loch Lomond, na sehemu yake ya juu, kati ya Tarbet na kichwa cha ziwa, ni nyembamba kiasi kwamba mabasi mawili hupishana kwa tabu kati ya mwamba na maji. Baada ya Tyndrum, kijiji ambacho kwa miaka mingi kimekuwa mahali pa waendesha pikipiki kukutana na kujaza mafuta, barabara hupanda hadi Uwanda wa Rannoch, penye mboji, vidimbwi na mawe ya granaiti hadi upeo wa macho, kisha huteremka katika Glencoe, bonde ambamo alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692 askari waliokuwa wamepokewa kama wageni waliwaua takriban watu 38 wa ukoo wa MacDonald. Uzuri wa eneo hilo ndio hatari yake. Barabara ni pana, kona ni ndefu na zinaonekana kwa mbali, milima inavuta macho, na katika Uingereza nzima pikipiki, ambazo ni takriban asilimia 1 tu ya mwendo wa vyombo barabarani, huchangia karibu sehemu moja ya tano ya vifo vya barabarani. Katika barabara za Nyanda za Juu za Magharibi kumefanyiwa majaribio alama nyeupe zinazochorwa kwenye lami kabla ya kona ngumu, mfano wa malango ambayo mwendeshaji hupita katikati yake moja baada ya nyingine, ili apunguze mwendo mapema na aingie kwenye kona akiwa mahali sahihi pa barabara. Anayeziona asizipuuze, kwani hazikuchorwa popote ila pale ambapo kona imeonekana kuwa ya hila. Usiku huo hulalwa Fort William, chini ya Ben Nevis, mlima wa mita 1,345 ulio mrefu kuliko yote katika Britania.

Siku ya pili ina chini ya kilomita 130 za barabara na bado humaliza mchana mzima, nayo ndiyo kielelezo bora cha kanuni iliyoanzisha sura hii. Barabara ya kwenda Mallaig hupita Glenfinnan, ambako Charles Edward Stuart aliinua bendera ya uasi tarehe 19 Agosti 1745 na ambako daraja la reli la zege lenye matao 21, lililofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, limevuta umati mkubwa kiasi cha kufanya maegesho yajae kabla ya adhuhuri. Mallaig kuna kivuko cha kwenda Armadale, kwenye kisiwa cha Skye, ambacho pikipiki huhitaji nafasi iliyohifadhiwa mapema. Ndani ya kivuko pikipiki huachwa kwenye gia na kufungwa kwa mikanda, na ni vyema mwenyewe asimame kuangalia mkanda unapopita, usije ukabana usukani au kifuniko cha plastiki. Vivuko vya pwani hiyo huahirishwa kwa sababu ya upepo au hitilafu, kwa hiyo mpango wa pili uandikwe kabla ya kuondoka: kurudi Fort William, kwenda kaskazini hadi Invergarry na kuifuata A87 hadi kwenye daraja la Skye, lililofunguliwa mwaka 1995 na ambalo tangu mwishoni mwa 2004 halitozwi ada.

Kutoka upande wa Broadford, ambako inafaa kujaza tangi hata kama bado lina nusu, kwa kuwa vituo ni vichache na baadhi hufungwa jioni, njia hukata kuelekea Kylerhea kwa barabara nyembamba inayopanda na kushuka kwa ukali. Hapa ndipo mgeni hukutana rasmi na barabara ya njia moja, yaani barabara ya lami yenye upana wa gari moja tu inayotumiwa na magari ya pande zote mbili, ambayo kila baada ya umbali fulani imepanuliwa kidogo na kuwekewa kibao kinachoonyesha sehemu ya kupishana. Kanuni yake ni kwamba kama sehemu hiyo iko kushoto, mwendeshaji huingia na kusubiri; kama iko kulia, husimama mkabala nayo, upande wake uleule wa kushoto, na kumwachia mwenzake aingie; na anayepanda mlima hupewa nafasi kila inapowezekana. Mwenye pikipiki hushawishika kujipenyeza pembeni bila kusimama kwa kuwa chombo chake ni chembamba, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ukingo wa lami mara nyingi umemomonyoka, na nje yake kuna tope laini lisiloweza kubeba uzito wa pikipiki iliyosheheni mabegi. Aidha, katikati ya njia hizo magurudumu ya magari hayapiti, kwa hiyo changarawe hurundikana hapo na wakati mwingine nyasi huota, na mstari salama ni ule ambao gurudumu la kushoto la gari limeusafisha. Adabu ya huko hutaka pia kumpisha mwenyeji aliye nyuma mwenye haraka zake, ambaye huenda ni mkunga au mfanyakazi wa posta, na kuinua mkono kumshukuru kila anayesubiri.

Kondoo hulala kwenye lami iliyopashwa joto na jua, hasa jioni. Mei na Juni hatari huongezeka kwa sababu ya wana-kondoo: mama akiwa upande mmoja wa barabara na mwanawe upande wa pili, mlio wa injini humshtua mwana, naye hukimbilia kwa mama yake, moja kwa moja mbele ya gurudumu. Kwa hiyo anayemwona kondoo mmoja peke yake kando ya njia hutafuta kwa macho yuko wapi wa pili kabla ya kuendelea. Vyuma vya kuzuia mifugo, ambavyo ni nondo zilizolazwa juu ya shimo ili gari lipite na mnyama ashindwe, huvukwa pikipiki ikiwa imesimama wima, bila kushika breki na bila kuongeza mafuta ghafla, kwa kuwa zikilowa huteleza sana.

Mwisho wa barabara ya Kylerhea upo mlango-bahari mwembamba ambao zamani wachungaji waliwaogeleshea ng'ombe wa Skye, wakiwa wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine, ili wafike bara na kuswagwa hadi kwenye masoko ya kusini. Leo huvukwa kwa kivuko kidogo kiitwacho Glenachulish, kilichojengwa mwaka 1969, ambacho sitaha yake imewekwa juu ya mhimili na huzungushwa na mabaharia kwa mikono ili magari yatazame ufukweni. Ni cha mwisho cha aina yake, hubeba magari sita, hufanya kazi kati ya Pasaka na Oktoba, na anayefika kwanza huhudumiwa kwanza. Gati lake ni mteremko wa mawe na zege wenye mwani sehemu za chini, na wakati wa kushuka breki ya nyuma itumike zaidi kuliko ya mbele, miguu yote ikiwa tayari kutua. Baada ya Glenelg kuna kilomita 15 za kupanda mlima wa Mam Ratagan, ambao njia yake ilifunguliwa kwa ajili ya askari wa ngome ya Bernera, na kisha bonde la Glen Shiel.

Siku ya tatu hufuata hali ya hewa. Mawingu yakiwa juu, inafaa kupita Dornie na Lochcarron hadi Tornapress na kuipanda Bealach na Bà, barabara ya mwaka 1822 inayotoka usawa wa bahari hadi mita 626 kwa miteremko inayofikia asilimia 20 na kona zilizojikunja, ambayo hadi miaka ya 1970, kabla ya barabara ya pwani kukamilika, ilikuwa njia pekee ya gari kuingia Applecross. Chini yake kuna tangazo linalowaonya madereva wanafunzi na wenye magari makubwa au ya kukokota, nalo halimzuii mwenye pikipiki ila humkumbusha kwamba wengine hawakulisoma. Mawingu yakigusa milima, safari hiyo iachwe bila majuto na ielekezwe mashariki kwa A87 na kisha A887 hadi Invermoriston, kisha kando ya Loch Ness hadi Inverness. Kilele cha mita 600 huwa na baridi ya takriban nyuzijoto 4 zaidi ya pwani, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hewa ya nyuzi 10 huhisiwa na ngozi iliyo wazi kama nyuzi 4 hivi. Vidole vilivyokufa ganzi havipimi tena nguvu ya breki. Ndiyo maana glavu jozi mbili, moja ikiwa kavu ndani ya mfuko usioingia maji, zinastahili nafasi kwenye begi kuliko viatu vya pili, na koti la mvua liwekwe juu ya kila kitu, mahali linapopatikana bila kufungua mzigo.

Siku ya nne inaweza kumalizwa kwa A9, barabara kuu ya haraka kutoka Inverness kwenda Perth, ambako tangu Oktoba 2014 kamera hupima wastani wa mwendo wa kila chombo kati ya nukta mbili. Aliye na siku nzima, hata hivyo, apite Grantown-on-Spey na Tomintoul, apande Lecht, njia ya mita zaidi ya 600 ambayo hutajwa katika taarifa za theluji karibu kila majira ya baridi, na asimame kwenye kisima kilicho kando yake, penye jiwe linaloeleza kwamba makundi matano ya askari wa kikosi cha 33 yalijenga barabara kutoka hapo hadi mto Spey mwaka 1754. Kusini mwa Braemar barabara ya A93 huvuka Cairnwell kwa kimo cha mita 670, juu kuliko barabara kuu nyingine yoyote ya Uingereza, ikateremka Glenshee kwa kona pana zilizochukua nafasi ya zile za zamani zilizoogopwa na madereva wa mabasi. Kutoka Perth hadi Glasgow kuna takriban kilomita 100 za barabara pana, na pikipiki ya kukodi ipangiwe kurudishwa asubuhi inayofuata, kwa kuwa miadi ya saa kumi na moja jioni humsukuma mwendeshaji kuipita Lecht bila kusimama na kuzichukua kona za Glenshee akiitazama saa.